Mwalimu Aliyeniruka Zamu

Niseme mapema, msomaji asije akanisubiri nilainike: sikumpenda mtu huyu. Tuna tabia ya kuwapaka watu sukari wakishazeeka, tunasema alikuwa mkali lakini moyo wake mweupe. Wa huyu sikuwahi kuiona rangi yake. Nilikaa naye miaka sita, kila Jumapili alasiri, katika chumba cha nyuma cha klabu moja ya Smithfield, hapa Sydney, magoti yetu yakikaribia kugusana, na nilichokiona ni mzee mrefu mwenye kifua kibovu, shati lililofungwa vifungo mpaka kooni, na filimbi ya bati mdomoni. Tulimwita Mwalimu. Mwenyewe hakulitaka jina hilo. "Mimi si mwalimu wa mtu," alikuwa akisema, kisha anakukosoa mbele ya watu kumi.

Alikuwa mtu wa Ireland. Sehemu gani sijui, na alifika Sydney lini sijui pia. Hakuwa mtu wa kuulizwa maswali. Mimi nilimjua kwanza kama fundi. Ghala ninalofanyia kazi kule Wetherill Park lina mikanda ya kusafirishia maboksi, na yeye alikuwa akiitengeneza katika mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Sisi tunaokusanya mizigo tunavaa spika masikioni, na ndani yake kuna sauti ya mwanamke asiyekuwepo anayetupa amri kutwa nzima: njia ya kumi na nne, rafu ya pili, chukua sita, sema namba. Unasema namba. Njia ya kumi na tano. Ukikaa kimya kidogo anakuuliza kama bado upo. Mchana mmoja niliivua ile spika, nikatoka nje na bakuli langu la wali, nikamkuta fundi amekaa juu ya kreti karibu na mapipa ya taka, anapiga filimbi.

Nimweleze asiyeijua. Ni bomba jembamba la bati lenye matundu sita na mdomo wa plastiki, fupi kuliko mwiko wa ugali. Kwao ndicho chombo cha kwanza anachopewa mtoto, na kwa sababu hiyo wengi hukidharau, wanadhani ni cha kumpitisha mtu kuelekea vyombo vya maana. Haina kamba wala vibonyezo. Ukitaka sauti ya juu unapuliza kwa nguvu zaidi, basi. Ufundi wote uko kwenye vidole: unaigonga noti kwa noti nyingine, upesi mno, sikio linasikia mkato tu halijui umepita wapi. Alichokuwa anapiga siku ile kilikuwa kinakimbia bila pa kupumzika, na bado kilikuwa na huzuni. Sikuwahi kusikia huzuni ikienda mbio namna ile. Nilisimama mpaka wali ukapoa.

"Sauti ya pili iko wapi?" nilimuuliza alipomaliza.

Lazima nijieleze. Mimi ni mtu wa kwaya. Kule Moshi nilikuwa naimba sauti ya pili, na zaidi ya hapo nilikuwa mtoa sauti. Kabla kwaya haijafungua mdomo, mimi ndiye niliyevumisha noti ya kwanza, na watu arobaini wakaipokea kutoka kwangu. Nilikuwa na sifa moja iliyonipatia kazi hiyo: sikumwacha mtu nyuma. Mzee wa besi akichelewa, nilimngoja. Mama mwenye pumu akikata pumzi, nilipunguza mwendo mpaka arudi. Hapa Sydney hakuna mtu aliyeipokea noti yangu tangu niliposhuka kwenye ndege.

"Hakuna sauti ya pili," fundi alijibu. "Kuna wimbo."

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Wiki iliyofuata alinitupia filimbi mapajani nikiwa nakula, bila kusalimia. "Hii haivujishi hewa," akasema. Kisha akanitajia klabu, siku na saa. Nilidhani ni ukarimu. Baadaye nilikuja kugundua kwamba alimgawia filimbi kila aliyesimama kumsikiliza zaidi ya dakika mbili, halafu akawafukuza kwa ulimi wake mmoja baada ya mwingine.

Ulimi wake sasa. Hakutukana, afadhali angetukana. Alisema kitu kidogo kilichokaa na wewe mpaka Jumatano. Maneno yake nayatafsiri, lakini ukali sikuuongeza. Mwanamume mmoja aliyefanya mazoezi ya wimbo mmoja mwezi mzima aliambiwa, "Sasa umeufahamu vya kutosha kuusahau." Mama aliyekuwa anapiga fidla pale, Mwaustralia mpole aliyemvumilia kuliko sisi sote, aliwahi kuniambia kwamba kwa miaka ishirini Mwalimu hajawahi kumwambia amepiga vizuri. Watu wakitupigia makofi alikuwa anakunja uso. Alisema makofi hupigwa na watu waliokuwa wanapiga soga wakati wimbo ukiendelea. Na alikuwa na msemo wake mwingine: "Ukijisikia unapiga vizuri, simama, kuna mahali umekosea." Nilijaribu kumtafsiria mume wangu msemo huo. Baba Neema akasema, "Huyo anahitaji daktari."

Mimi hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Kwaya.

Ilianza kwa sababu ya daftari. Sisi tuliolelewa kwenye kwaya tunaandika nyimbo kwa herufi za solfa, na mkono wangu unaandika upesi kama watu wengine wanavyoandika orodha ya soko. Jumapili yangu ya pili nilikuwa tayari nimenasa nyimbo zao saba, zote, na mikato yao nimeiwekea alama yangu. Nilikuwa na furaha kweli. Mwalimu akalichukua daftari, akaligeuza juu chini, akauliza ni nini. Nikamwimbia kutoka kwenye karatasi, mstari baada ya mstari, bila kosa. Mama wa fidla akasema, "Goodness." Mwalimu akalifunga daftari, akaliweka kwenye kiti chake, akalikalia. Alilikalia saa tatu. "Haya, piga," akaniambia. Sikuweza kupiga hata wimbo mmoja. Kila nilipotafuta noti niliiona kwenye karatasi iliyokuwa chini ya makalio yake.

Najua watetezi wake watasema alinifundisha kusikia. Ni kweli, nilijifunza kusikia. Nilijifunza kwenye gari nikitoka kwetu Penrith alfajiri kwenda kazini, nikivuma noti juu ya usukani, kwa hasira. Lakini mtu anaweza kukufundisha jambo la kweli kwa njia ya kinyama, na sioni kwa nini nimshukuru kwa yote mawili.

Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba sikuweza kumpa jina. Baba Neema alisema mapema kabisa, "Mbaguzi huyo, achana naye." Ningefurahi awe mbaguzi. Ningejua pa kumweka. Lakini alikuwa mkali zaidi kwa watu wa kwao. Alikuja kijana mmoja kutoka Ireland, mzuri wa sura, filimbi yake ya gharama ndani ya mkoba wa ngozi, akasema amekulia ndani ya muziki huu. Akapiga. Mwalimu akamwambia, "Umekulia mule, lakini hukuwa unasikiliza. Yule Kwaya pale anasikia kuliko wewe." Kijana hakurudi. Ndiyo mara pekee nilipotajwa kwa wema, na nilitumiwa kama rungu la kumpigia mtu mwingine.

Alihubiri utulivu. Wimbo hauna haraka, alikuwa akisema, wewe ndiye mwenye haraka. Halafu yeye huyo huyo, akiona nimeanza kuushika wimbo, aliongeza mwendo kwa makusudi, kidogo kidogo, mpaka vidole vyangu vikajikwaa. Kisha alinitazama kwa macho yake ya kijivu kana kwamba mimi ndiye niliyeuvunja. Alihubiri pia kwamba muziki ni wa wote. Kisha kiti chake kikawa kile cha ukutani, na mgeni akikikalia kwa bahati mbaya alisimama mbele yake bila kusema kitu mpaka mgeni akahama.

Na kulikuwa na zamu.

Duara lao la wapigaji halina kiongozi wa kuchaguliwa, lakini lina utaratibu, na haujaandikwa popote. Wimbo una sehemu mbili, kila sehemu inarudiwa, na wote unazungushwa mara tatu. Mmoja anaanza peke yake, noti nne au tano, ndipo wengine wanaingia. Wimbo ni wake, mwendo ni wake. Wala hujianzishii tu. Mwenye duara anakutazama, anasema, "Anzisha." Usipoombwa, unafuata. Kwa hiyo alasiri nzima Mwalimu alikuwa anazunguka na macho: mama wa fidla, mtu wa akordioni, mtu wa banjo, huyu, yule. Wanafunzi tulikaa safu ya nyuma, macho yakatupita juu ya vichwa. Sikulalamika. Mwanafunzi ni mwanafunzi.

Lakini niliitaka zamu ile. Nisijifanye mtu mkubwa, niliitaka kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo ghalani. Siku tano kwa wiki naambiwa njia ya ngapi na rafu ya ngapi na mashine iliyo sikioni. Nilitaka, mara moja tu, kutoa noti na kusikia watu wakiipokea.

Baada ya miaka miwili alinihamisha safu ya mbele. Hakueleza, alikivuta kiti tu. Na Jumapili moja, akiwa anaifuta filimbi yake kwa leso, akasema bila kunitazama, "Jumapili ijayo nitakuomba wimbo mmoja."

Wiki ile sikulala vizuri. Nilichagua wimbo, nikaupiga uani kwetu mpaka mbwa wa jirani akawa anaondoka mwenyewe. Nilimwambia Baba Neema, nikamwambia binti yetu Neema, na Jumapili wote wawili wakavaa vizuri tukaenda Smithfield moja kwa moja kutoka kanisani. Walikaa kando na soda zao. Neema alikuwa na umri wa kuona aibu kwa kila ninachofanya, lakini siku ile alinionyesha kidole gumba.

Kabla ya kuanza kuzungusha zamu, Mwalimu alipiga wimbo wa polepole. Wanazo nyimbo hizo, hazichezwi, hazina mwendo wa kuhesabika, ni za kuomboleza. Alipiga huku amefumba macho. Katikati, kifua kikamsaliti. Noti ndefu ilikatika, akavuta pumzi kwa sauti, akaendelea, ikakatika tena.

Sasa mtu wa kwetu anielewe hapa. Kwetu mtu akianzisha wimbo wa kilio halafu sauti ikamkatika, kumwacha aumalize peke yake ni kumsusa. Unaingia chini yake kwa sauti ya pili, taratibu, umbebe mpaka avuke. Hilo si jambo la kufikiri, ni kama kumshika mtu anayeteleza. Filimbi ilikuwa mkononi. Niliingia chini yake. Nilipiga noti tisa, labda kumi, na naapa zilikuwa noti nzuri.

Aliitoa filimbi mdomoni. Akafumbua macho.

"Nani amekuomba?"

Nilidhani anatania. Nikacheka kidogo. Nakikumbuka kicheko hicho mpaka leo na bado kinaniunguza.

"Huu unapigwa na mtu mmoja," akasema. "Akikwama, akwame. Nani amekuomba?"

Mama wa fidla aliangalia viatu vyake. Mwalimu akaanza tena tangu mwanzo, akaupiga wote, akakatika mara nne, hakuna aliyemsaidia. Kisha zamu zikaanza. Mama wa fidla. Mtu wa akordioni. Macho yake yakafika kwangu, yakapanda juu ya kitambaa changu cha kichwa, yakatua kwa mtu wa banjo. "Anzisha," akamwambia. Mume wangu na binti yangu walikuwa wanatazama.

Tulipanda gari, tukaingia barabara kuu.

"Mama Neema," mume wangu akasema, "huyu mzee umemkosea nini?"

"Nimemsaidia."

"Mum, that was so rude," Neema akasema kutoka nyuma. "Just don't go back. Seriously."

Nilirudi. Nilirudi miaka minne. Kila Jumapili macho yalizunguka, na kila Jumapili yaliniruka. Hakunirudisha safu ya nyuma, alitaka niwe mbele ili niyaone vizuri yakipita. Mama Chantal, rafiki yangu Mrundi aliyekulia kambini Kigoma kabla ya kuletwa huku, hakuweza kunielewa kabisa. Yeye anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Penrith, na ana subira na kila binadamu isipokuwa mimi.

"Weye, kila dimanche unaendaka kule kutafuta nini?" alinifokea siku moja tukimenya viazi jikoni kwangu. "Boss anakufokea semaine nzima, weekend unatafuta mwingine akufokee bure?"

"Aliniahidi zamu."

"Zamu ya nini? Zamu ya kupuliza ka-filimbi ka watoto?"

"Ndiyo, Mama Chantal. Ya kupuliza filimbi ya watoto."

Akatikisa kichwa, akaendelea kumenya.

Kuna jambo moja ambalo watu wakilisikia hunitaka nimsamehe. Baba yangu alifariki Moshi, na sikupata ruhusa kazini ya kwenda kumzika. Tukaweka matanga hapa nyumbani, gereji tukaifungua, viti vya plastiki mpaka uani. Watanzania walikuja, Waislamu kwa Wakristo, Warundi wa Mama Chantal wakaja na sufuria zao. Mchana wa siku ya pili nikamwona Mwalimu amesimama getini na tai nyeusi. Sijui nani alimwambia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki saa tatu nzima. Alikula alichopewa, kwa mkono, vibaya. Tuliimba nyimbo za maziko kwa sauti zote nne, na kila mtu aliyekatika alibebwa na mwenzake, na yeye alikuwa pale, anasikia. Nilihakikisha anasikia. Baba Neema, kwa adabu zake, akamwomba apige chochote.

"Marehemu si wangu," akajibu. "Na nyinyi mna watu wa kutosha."

Wakati wa kuondoka alinipa mkono. "Baba yako alikuwa na watu," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikajiambia, haya, sasa ameelewa.

Jumapili iliyofuata aliniruka kama kawaida. Hata wema wake alikuwa anautoa kisha anafunga mlango.

Filimbi haina mahali pa kupumulia, wimbo hausimami. Ukitaka pumzi unaacha noti moja, unaimeza, na mpigaji mzuri anachagua ile ambayo hakuna atakayeitafuta. Hapo ndipo Mwalimu alipokuwa bingwa, na hilo sitamnyima. Lakini mwaka wa tano alikuwa anaacha noti mbili mahali pa moja. Mwaka wa sita, tatu. Sote tulisikia, hakuna aliyethubutu kusema. Kadiri noti zake zilivyopungua ndivyo ulimi wake ulivyoongezeka. Kisha Jumapili moja kiti cha ukutani kilikuwa kitupu, na iliyofuata pia. Mama wa fidla akaanza kuzungusha zamu yeye. Macho yake mapole yakanifikia, yakasimama. "Anzisha, mpenzi," akasema.

Nikakataa. Nilisema kidole kinaniuma. Yeye hakuwa ndiye aliyeniruka, kwa hiyo hakuwa na cha kunirudishia.

Mama Chantal ndiye aliyenipigia. "Mzee yako ya filimbi iko huku kwetu," akasema. "Iko chumba ya mwisho. Anakulaka vibaya, anafokea kila mtu, hata pasta ya kanisa. Njoo umuone mbele hajaenda kwa Mungu."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nisiseme nilikwenda kumjulia hali. Nilikwenda kumdai maelezo, na hotuba yangu ilikuwa tayari tangu miaka minne nyuma, kwa Kiingereza kilichonyooka, kila neno nimelichagua nikiwa njia ya kumi na nne, rafu ya pili.

Alikuwa amekaa kitandani, mrija wa hewa puani, dirisha linatazama maegesho ya magari. Amekonda, lakini vifungo vyote vya shati vimefungwa. Filimbi ilikuwa juu ya blanketi. Mama Chantal alimwekea mto vizuri, akanikonyeza, akasimama mlangoni na kitoroli chake cha chai.

"Kwaya," akasema.

"Mwalimu."

"Wanaendeleaje?"

"Wanaendelea."

Hotuba ikapotea yote. Kilichobaki ni swali moja, likatoka kwa sauti ya mtoto aliyenyimwa kitu.

"Uliniambia utaniomba wimbo. Kwa nini hukuniomba?"

Alifikiri. Pumzi yake ilisikika kwenye mrija. "Kwa sababu ungetungoja," akasema.

"Sielewi."

"Nilikusikia siku ile. Mtu akidondoka, unarudi kumwokota." Akapumzika. "Anayeanzisha harudi. Akirudi, wimbo unakufa. Wewe hungeweza. Nikiwa mimi ndiye nimedondoka, hungeweza."

Miaka minne, na hakuona haja ya kuniambia hayo kwa dakika moja. Hasira ilinijaa mpaka masikio yakapiga kelele. Kitu chema kuliko vyote nilivyonavyo, kile ambacho usharika mzima ulinipendea, huyu mtu alikisikia ndani ya noti kumi na akakihesabu kuwa kasoro. Nikaitoa filimbi kwenye mkoba. Yeye akaichukua ya kwake, akaivuta mpaka mdomoni kwa mikono miwili.

"Anzisha," akasema.

Nikaanzisha. Nilichukua wimbo wa mbio, na mwendo niliouchukua ulikuwa ule ule aliokuwa akinivunjia vidole nao. Baada ya noti tano akaingia. Msomaji asidhani sikusikia uzuri wake. Hata pale, hata na mrija puani, mikato yake ilikuwa safi kuliko yangu. Mzunguko wa kwanza alikuwa nami, anaacha noti mbili, tatu. Mzunguko wa pili alianza kuacha nusu ya kila mstari. Nilisikia kifua chake kikikoroma katikati ya noti. Mwili wangu wote ulijua la kufanya. Ni jambo dogo sana kupunguza mwendo, unalegeza tu kifundo cha mkono, na mtu anakufikia.

"Mama Neema," Mama Chantal akasema kutoka mlangoni, "pole pole, mzee anakosa pumzi."

Nilimsikia. Sikupunguza.

Filimbi yake ilinyamaza kabla ya mwisho wa mzunguko wa pili. Kwa kona ya jicho niliona vidole vyake vikiendelea kwenda juu ya matundu, havitoi sauti yoyote, kisha navyo vikasimama. Nikapiga mzunguko wa tatu peke yangu, wote, na marudio yake, sikuacha hata mkato mmoja. Mama Chantal alikwishakiacha kitoroli, alikuwa amemshika mabega, anamrekebishia mrija, ananitazama kama mtu asiyenijua.

Nilipomaliza, chumba kizima kilikuwa pumzi zake tu. Zilichukua muda mrefu kurudi. Alinyoosha mkono kumzuia Mama Chantal, akanigeuzia uso wa kijivu wenye jasho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatabasamu.

"Ndivyo," akasema.

Nilikusanya vitu vyangu nikatoka bila kuaga. Miaka sita nilimsubiri mtu huyu anisifu, na katika yote niliyowahi kupiga mbele yake, akasifu lile.